Ng'andu mmoja, kompyuta yahesabu watatu
Na Mwandishi Wetu, Nchelenge

MFANYABIASHARA wa Kashikishi anayemkopesha mteja wa Kilwa, ng'ambo ya Ziwa Mweru upande wa Kongo, magunia ya chisense na kuandika deni kwenye simu, aangalie sana alama ndogo iliyo ndani ya jina.

Ng'andu, yaani mamba kwa Kibemba, ni jina moja kwa macho yetu. Kompyuta haitazami umbo la herufi, inasoma namba yake. Katika Unikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba, alama ya ng' inaweza kuandikwa kwa njia tatu: iliyonyooka (U+0027), iliyopinda (U+2019) na ile inayohesabiwa kuwa herufi kamili (U+02BC). Simu moja ikiiacha imenyooka na nyingine ikaipinda yenyewe, Ng'andu wa jana na wa leo wanakuwa wateja wawili. Deni nalo linagawanyika.

Wataalamu wa programu wanalijua tatizo hili. Kompaila, programu inayogeuza maagizo yao kuwa lugha ya mashine, lazima iamue jina lipi likubalike. Python 3, iliyotoka mwaka 2008, inapokea herufi za lugha nyingi. Lakini ukikiita kitu ng'ombe, alama iliyonyooka huchukuliwa kuwa mwanzo wa nukuu, na iliyopinda hukataliwa. Ya tatu hupita, kama inavyopita ŋ ya Kiganda.

Kufanana huko kuna hatari pia. Mwaka 2021, Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba herufi za Kirusi zinazofanana na zetu zinaweza kuficha maagizo mabaya ndani ya programu. Kompaila ya Rust huonya ikikuta majina mawili yanayofanana hivyo.

Daftari la duka kwenye simu halina mlinzi huyo, isipokuwa aliyelitengeneza amemweka. Python husawazisha baadhi ya herufi pacha, lakini alama hizi tatu huziacha zilivyo. Ni kazi ya mtengenezaji kuzifanya moja kabla ya jina kuhifadhiwa.

Kwa sasa, mtambue mteja kwa namba ya simu pamoja na jina. Na kabla ya kusema hadaiwi, tafuta "andu" peke yake. Huenda deni limekaa kwa Ng'andu wa pili.