Kipanya Kikigoma, Vidole Vipo

Wenzangu, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kipindi ni dakika 40, nasi twagawana tarakilishi moja watatu watatu. Mbona tumalize muda tukisukuma kipanya kusaka programu? Ipo programu ya kuitia programu nyingine: wabonyeza vitufe viwili, waandika herufi chache za jina, wagonga Enter, kwisha!

Sasa tuchague ipi? Kwanza, tazama iliyomo tayari. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows kisha uandike tu. Mac zina Spotlight tangu 2005. Bonyeza Command pamoja na kitufe cha nafasi.

Pili, pima nguvu za mashine. PowerToys Run ya Microsoft ilitoka 2020. Ni ya bure, na hata hesabu inapiga. Lakini hukaa macho nyuma ya pazia ikila kumbukumbu, na mashine kuukuu yaweza kulemewa. Wenye Linux wana dmenu ya 2006, nyepesi kama unyoya.

Tatu, mashine ni ya nani? Yako nyumbani, jaribu upendavyo. Ya shule ni yetu sote. Ukibadilisha vitufe, anayekufuata atahangaika. Tena usiweke kitu bila idhini ya mwalimu.

Kwa hivyo shuleni mimi nachagua iliyomo tayari. Haigharimu hata senti, na tukiizoea sote, hakuna atakayeachwa nyuma kipanya kikigoma. Hebu jaribuni!