Tembea Mbele ya Kupasuliwa

Wewe uliye mnene sana, unangoja munganga akupasue apunguze mfuko wa chakula. Usikae bure. Kwa nini? Kisha kupasuliwa, damu inaweza kuganda ndani ya miguu, ipande mpaka mapafuni na kuua. Kwa hiyo wauguzi watakuamsha upesi utembee, siku ile ile ao kesho yake. Mwili uliozoea kutembea hausumbuki sana.

Fanya hivi. Uliza munganga kwanza. Tembea dakika 10 kila siku; kila juma ongeza 5, mpaka 30. Ukikosa pumzi ya kusema, punguza mwendo. Kifua kikiuma, simama, umwambie munganga. Magoti yakiuma, keti kitini, nyosha mguu, hesabu 5, ushushe. Usingoje juma la mwisho.