Kulipia Jarida la Sarafu Ukiwa Khwisero: Soma Hii Kabla ya Kubonyeza "Lipa"

Je, kuna mkebe wa sarafu za zamani pale nyumbani? Boma nyingi za Khwisero zina mkebe kama huo: senti zenye tundu katikati, shilingi yenye picha ya Mzee Kenyatta, pengine ile ya shilingi 40 iliyotolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Kama umeanza kuzikusanya kama hobi, jarida la sarafu litakusaidia. Leo tunaeleza jinsi ya kulilipia kwa simu bila pesa yako kuliwa.

Kwa nini ulipie jarida?

Watu wengi hudhani sarafu ikizeeka inakuwa mali. Sivyo. Bei hutegemea ngapi zilitengenezwa, hali yake, na wangapi wanaitafuta. Chukua senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936. Ina jina la Mfalme Edward VIII, aliyeacha kiti Desemba mwaka huohuo kabla ya kuvishwa taji. Ni historia tamu, lakini zilitengenezwa kwa wingi, kwa hivyo haitakununulia ng'ombe.

Asiyejua hili ndiye matapeli humtafuta: "Sarafu yako ya 40 ni milioni moja, tuma kwanza 2,500 ya usajili." Chunga! Mnunuzi wa kweli ndiye anakulipa wewe. Akiomba pesa kwanza, kata simu.

Jarida gani?

Coin News ni la Uingereza. The Numismatist la Marekani lipo tangu 1888 na huwafikia wanachama wa American Numismatic Association. Sarafu zetu za kabla ya uhuru zilitolewa chini ya ukoloni wa Mwingereza, kwa hivyo jarida la Uingereza linaweza kukufaa zaidi. Tafuta nakala ya kuonja kwanza.

Ukitaka la karatasi, utahitaji sanduku la posta, na gharama ya kulisafirisha inaweza kukaribia bei ya jarida lenyewe. La kusomea kwenye simu linataka bando tu.

Hatua za kulipa

1. Andika anwani ya tovuti mwenyewe. Usifuate linki uliyotumiwa WhatsApp na mtu usiyemjua.

2. Tumia kadi ya mtandaoni inayounganishwa na akaunti yako ya simu. Weka pesa ya jarida pekee. Namba za kadi zikiibwa, mwizi anaweza kufikia tu pesa iliyobaki kwenye akaunti inayounganishwa na kadi hiyo.

3. Piga hesabu kwa shilingi. Tuseme jarida ni dola 30 kwa mwaka na dola moja ni shilingi 130. Hiyo ni 3,900, kabla ya makato ya kubadilisha pesa. Acha nafasi kidogo, la sivyo malipo yatakataa.

4. Soma ujumbe wa uthibitisho kabla ya kuandika namba ya siri uliyotumiwa. Jina la anayelipwa na kiasi vilingane na unachonunua. PIN yako ya pesa hakuna jarida linaloihitaji, na sisi pia hatutakupigia kuiuliza.

5. Angalia kama malipo yanajirudia. Hapa ndipo wengi hushtuka: mwaka ukiisha, tovuti inakata tena bila kukuuliza. Zima kipengele hicho siku hiyohiyo, au andika tarehe kwenye kalenda.

6. Hifadhi risiti na ujumbe wa malipo. Bila hizo, kudai pesa yako ni kazi ngumu.

Ukiona pesa imekatwa na hukuidhinisha

Funga kadi kwanza kwenye simu yako, kisha pigia huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala. Usingoje kesho. Kufunga kadi hakufungi akaunti yako. Utaendelea kutuma na kupokea kama kawaida.

Na neno moja kuhusu ule mkebe: usisugue sarafu kwa jivu au mchanga kama sufuria. Zitang'aa, ndiyo, lakini mkusanyaji akiona mikwaruzo atashusha bei. Ziache na rangi yake, zishike kwa ukingo, na uzitunze mahali pakavu mpaka jarida lako la kwanza lifike.