Shimo Lisilolimwa

Mugunga hakuna udongo wa kuchezea. Ukitoka Goma kuelekea Sake, nyumba zimekaa juu ya jiwe jeusi la volkano. Ukuta ni jiwe, ua ni jiwe, na penye udongo wa kujaza beseni pamepandwa maharage. Ndiyo maana lile shimo pana karibu na ziwa Lac Vert lilinisumbua. Nyasi zimestawi humo, mbichi kabisa, na hakuna jembe wala mbuzi.

Papa mmoja anayevunja mawe ya kujengea alikuwa ameketi ukingoni, nyundo mapajani. Nilipotaka kushuka akanishika mkono.

"Ngoja jua lipande, mwanangu. Sasa hivi imelala humo."

Alikuwa akizungumzia mazuku. Akaninyooshea kidole: mjusi amelala chali, kando yake panzi watatu na ndege mdogo, mbawa wazi. Hawana jeraha. Hata siafu hawajawagusa. Siafu nao hufia njiani.

Ni kaboni dioksidi. Hupenya katika nyufa za mawe na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni usiku upepo ukitulia. Huko Japani, mwaka 1997, iliua askari 3 shimoni katika mlima Hakkoda. Wataalamu wa volkano duniani huiita kwa neno hilihili la Goma, mazuku.

"Haina harufu," alisema Papa. "Ukiinama kuokota jiwe, magoti yanalegea kabla hujaita mtu. Mimi ni mrefu. Mtoto, je?"

Kwa hiyo asubuhi hashuki, ingawa jiwe zuri liko chini na mwenye lori hulipa lori likijaa.

Mugunga imepokea watu wengi: wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, kisha Wakongo waliokimbia vita, kambi baada ya kambi, hadi Februari 2025 waasi wa M23 walipoamuru waliobaki waondoke.

"Mtu anatoka Masisi, usiku, na turubai lake. Anaona nyasi laini, anasema hapa nitalaza watoto. Niliowakuta niliwaambia. Ambao sikuwakuta?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza kama viwanja vya jirani vinauzwa. Vinauzwa. Na mnunuzi huambiwa?

Papa aligeuza nyundo mkononi.

"Wanaletwa kuangalia saa sita mchana."