Mbuzi Wamemaliza Maua Tena! Tupande Nini mu Lupango?

Mwezi wa kumi na moja umefika, mvua kubwa ya kwanza imenyesha Likasi usiku kucha. Asubuhi unafungua mlango: udongo wa lupango umeteremka mpaka barabarani, mawe ya msingi wa nyumba yako nje, na pale batoto walipocheza jana kuna mfereji. Unaamua kufunika udongo huo kwa majani. Unaomba mashina ya matembele kwa jirani, unapanda jioni, unamwagilia. Siku ya tatu mtoto anapiga kelele: "Mama, kuya uone! Mbuzi iko namaliza yote!"

Msomaji mpenzi, kama hayo hayajakupata, bila shaka lupango yako ina ukuta wa matofali. Mimi yamenipata mara mbili hapa Kikula. Kwanza matembele, halafu majani mafupi ya kutambaa niliyoyabeba mu mfuko kutoka Panda. Nilimwendea mwenye mbuzi kwa hasira, naye akanijibu kwa upole: "Baba, mbuzi haijue lupango ya nani." Nikakosa la kusema.

Kule Marekani watu wa bustani wanalia na paa wa porini wanaoingia usiku kula maua. Wengi wao wanachagua mimea ambayo paa haipendi. Akili hiyo inatufaa na sisi, ila paa wetu ana kamba iliyokatika shingoni.

Lakini ujue mbuzi ni mnyama wa namna gani. Ng'ombe anataka majani ya chini. Mbuzi anapenda vichaka, anasimama kwa miguu ya nyuma kufikia tawi, anakula hata penye miiba, na uchungu wa majani anauvumilia kuliko kondoo. Mwezi wa tisa na wa kumi, wakati vichaka vimekauka, njaa inamfanya ajaribu karibu kila kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia mmea fulani mbuzi haugusi hata siku moja, mwulize aliupanda mwezi gani.

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunaona mbuzi amepita mmea bila kuugusa, tunafurahi, tunaupanda mlangoni. Lakini mara nyingi anauacha kwa sababu ni sumu! Lantana, ile yenye maua madogo ya manjano na mekundu, inaharibu ini la mbuzi na ngozi yake ikipigwa na jua. Tena ndege wanakula matunda yake na kuisambaza mpaka mashambani. Loriero inaweza kuua mtu. Mbegu za jatrofa ambayo tunaifanyia lupango zimeshawatapisha batoto wengi walioziona kama karanga. Hata pervanshi, ua zuri lenye asili ya Madagaska, ambalo ndani yake wataalamu walipata dawa za kutibu saratani ya damu, si la kutafunwa. Mbuzi ananusa kwanza. Mtoto wa miaka miwili anatia mdomoni kwanza.

Basi mimi nachagua kile ambacho mbuzi anakikataa kwa harufu. Kwangu jibu ni sitroneli, ambayo wengine wanaiita mchaichai. Majani yake ni makali kidogo pembeni na harufu yake ni kama ya ndimu. Mbuzi akishiba ananusa na kwenda zake. Ng'oa shina kubwa, ligawanye kwa mkono, kata majani yabaki urefu wa kiganja, tia vipande viwili au vitatu mu kila shimo. Acha nafasi ya hatua fupi kati ya mashimo, na mistari ikatize mteremko, isishuke nao. Panda mvua ikishazoea, siyo ile siku ya kwanza. Juu yake tandika matawi ya miiba mpaka mizizi ishike, maana mche mchanga mbuzi anaung'oa hata kwa kuonja tu.

Kama maji yanashuka kwa nguvu sana, ongeza mstari mmoja wa vetiveri pale juu, mche kwa mche, wameshikana. Mizizi yake inaweza kushuka mita tatu chini. Majani yake machanga mbuzi anayala, yakikomaa anayachoka.

Najua mama mmoja tayari anasema: "Majani karibu na nyumba? Na nyoka je?" Ana haki, na ndiyo maana tunafagia lupango kila asubuhi. Acha nafasi safi ya hatua mbili tatu kuzunguka nyumba, na sitroneli ukate mara kwa mara. Ila ule mteremko usiufagie tena. Kila ufagio unapopita, unailegezea mvua udongo.

Kuna lupango nyingine ambako hata mbuzi hana kosa: hakuoti kitu. Mji wetu umeishi na viwanda. Kile cha Shituru kilianza 1929. Udongo uliojaa shaba unaua mizizi ya mimea mingi. Lubumbashi, mtaa wa Penga Penga, ambao ulipokea moshi wa kiwanda cha shaba kilichoanza 1911, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu nyasi fupi ya asili ya vilima vya shaba, jina lake la kitaalamu Microchloa altera. Walichanganya chokaa na mbolea mu udongo, nyasi ikashika mahali palipokuwa uwazi mtupu. Matokeo ya majaribio ya namna hiyo yalitangazwa mwaka 2010.

Kwa hiyo ukiwa karibu na kiwanda, kufunika udongo kunazuia pia vumbi lisiingie mikononi mwa batoto na mu chungu cha bukari. Na sitroneli iliyoota pale, iache ishike udongo tu. Ile ya kutia mu chai, panda mu ndoo yenye udongo safi, uiweke juu ambako mbuzi hafiki.