Kwa Nini Saratani ya Tezi Dume Huishinda Dawa?

Mfugaji wa Rungwe anaijua vyema habari ya kupe. Ng'ombe huogeshwa joshoni, kupe hufa, na mifugo hupata nafuu. Lakini dawa ile ile ikitumiwa miaka mingi, hufika wakati ambapo kupe hawafi tena. Je, wamejifunza kuistahimili? La. Tangu mwanzo walikuwapo wachache wenye maumbile tofauti kidogo. Dawa iliwaua wenzao, nao wakabaki na kuzaana. Kisa hiki chatusaidia kufahamu tatizo linalowashughulisha madaktari ulimwenguni: saratani ya tezi dume inayokataa tiba.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, nayo huuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya shahawa. Mwaka 2022 saratani ya tezi hii iligunduliwa kwa wanaume wapatao milioni 1.5 duniani, na karibu 400,000 walifariki kwayo. Hapa Tanzania ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume kwa wingi zaidi.

Chembe hai za tezi hii hustawi kwa homoni iitwayo testosteroni, itokayo hasa katika korodani. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins alionyesha kwamba homoni hiyo ikizuiwa, saratani hunywea. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hata leo, saratani ikisha kuenea mwilini, tiba hujengwa juu ya msingi huo. Maumivu ya mifupa hupungua na mgonjwa hurudi shambani. Lakini baada ya miezi au miaka, ugonjwa huinuka tena, ingawa homoni imezuiwa. Kama kule joshoni, chembe dhaifu zimekufa na zile sugu zimebaki.

Siku hizi wataalamu huweza kuzichungua chembe hizo. Huchukua kipande kidogo cha uvimbe, au vipande vya DNA vya uvimbe vilivyomo katika damu, wakazisoma herufi zake nne, A, T, G na C, na kuzilinganisha na za chembe zenye afya. Mambo matatu huonekana mara kwa mara.

Kwanza, jeni ya kipokezi cha homoni, iliyo katika kromosomu X, hurudufiwa. Kipokezi ni kama sikio la chembe; masikio yakiwa mengi, hata mnong'ono wa homoni husikika. Pili, jeni za TP53, RB1 na PTEN, ambazo ni breki za ukuaji, hupotea. Tatu, jeni ya BRCA2, iliyo kama fundi wa kutengeneza DNA iliyokatika, huharibika.

Hilo la tatu limefungua mlango wa tiba. Chembe iliyompoteza fundi huyo humtegemea fundi mwingine. Dawa iitwayo olaparib humzuia huyo wa pili, na chembe hufa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa wagonjwa wa namna hii mwaka 2020. Aidha, kasoro ya BRCA2 yaweza kurithiwa, nayo huongeza hatari ya saratani ya matiti. Hivyo majibu ya baba yaweza kumhusu binti yake pia.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya DNA iliyokwisha kusomwa ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vivimbe vya wanaume 183, kati yao 123 wa Afrika Kusini. Vivimbe vya Waafrika vilionekana kuwa na mabadiliko mengi zaidi. Basi hatuwezi kutegemea ramani iliyochorwa kwa wengine peke yao.

Kutoka Tukuyu hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilometa 800. Mzee anayeona haya kusema kwamba mkojo wake unatoka kwa shida huenda akaianza safari hiyo saratani ikiwa imekwisha kufika mifupani. Dalili hiyo si lazima iwe saratani, lakini yafaa ichunguzwe mapema, wakati chembe bado ni chache na ziko mahali pamoja. Mwanafunzi anayesoma urithi darasani hana budi kulieleza jambo hili nyumbani, kwa heshima na bila haya.