Kwa Nini Subaru ya Japani Ina cc 1994 na ya Marekani Ina cc 2457?

Binamu yangu anakaa Igawa, pale barabara kuu inapoteremka kutoka Makambako kuingia Usangu. Ana Subaru Impreza WRX STI, mtumba kutoka Japani, na anaipenda kuliko anavyopenda kula. Mwaka jana baada ya kuuza mpunga aliamua kuifungua injini, maana ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Akaingia mtandaoni, akaangalia video za Wamarekani mpaka usiku wa manane, halafu akaagiza seti ya pistoni nne "za STI". Mzigo ulikaa njiani wiki sita. Fundi akafungua boksi, akachukua pistoni moja na kuishusha juu ya silinda. Haikuingia. Akaigeuza, akaipima tena, kisha akamwambia binamu yangu: "Bosi, umeniletea mfuniko."

Aliyeuza hakukosea, pistoni zilikuwa za STI kweli. Ila zilikuwa za STI iliyouzwa Marekani. Jina moja, nembo moja, sura ileile, lakini injini tofauti. Swali ni hili: kiwanda kinachotengeneza gari moja kinapata faida gani kuliwekea injini mbili?

Kwanza tuelewane kuhusu cc. Namba hiyo haipimi nguvu. Inapima nafasi ambayo pistoni zote zinaifagia ndani ya silinda zinapopanda na kushuka. Chukua eneo la duara la silinda, zidisha kwa umbali ambao pistoni inasafiri, kisha zidisha kwa idadi ya silinda. Injini ya EJ20 ya binamu yangu ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 92, na pistoni inasafiri milimita 75. Piga hesabu, utapata cc 1994. EJ25 ya Mmarekani ina kipenyo cha milimita 99.5 na pistoni inasafiri milimita 79. Hapo unapata cc 2457. Tofauti ya kipenyo ni milimita saba na nusu tu, lakini ndiyo iliyogeuza pistoni kuwa mfuniko.

Sasa tuje kwenye sababu. Ya kwanza haitoki kwa wahandisi, inatoka kwa watu wa kodi.

Japani kila mwenye gari analipa kodi ya mwaka, na kodi hiyo inapanda ngazi kila cc 500. Kabla ya mabadiliko ya 2019, gari ya zaidi ya cc 1500 mpaka 2000 ililipiwa yeni 39,500. Ukivuka 2000 kidogo tu, unalipa 45,000. Zamani ngazi hiyo ilikuwa kali zaidi: kabla ya 1989, kuvuka cc 2000 kulifanya kodi izidi mara mbili. Pia cc 2000 ni mojawapo ya mipaka inayoamua gari ipewe namba ya kundi dogo au kundi kubwa, pamoja na urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7. Kwa hiyo Wajapani walizoea kubana injini chini ya 2000. Ndo maana ukipita gereji yoyote ya kwetu unakutana na cc 1998, 1994, 1988. Hizo namba zinachungulia mpaka bila kuuvuka.

Ndugu mdogo wa sheria hiyo unamjua vizuri. Ni Kirikuu. Yale magari madogo ya mizigo yanayobeba mchele na nyanya kutoka Chimala mpaka Mbeya yana cc 660 kwa sababu huo ndio ukomo wa kundi la magari madogo kabisa Japani tangu 1990. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa 550. Hakuna mhandisi aliyekaa akagundua kwamba 660 ni namba tamu. Ni sheria.

Sababu ya pili ni mbio za magari. STI ilizaliwa kwa ajili ya rali ya dunia. Kanuni za kundi A zilisema injini yenye tabo ihesabiwe kama kubwa kuliko ilivyo: cc zake zizidishwe kwa 1.7. Chukua 1994, zidisha kwa 1.7, unapata kama 3390. Hapo bado uko ndani ya daraja la mpaka cc 3500. Ukiweka injini ya 2457 unafika karibu 4180, unapanda daraja, na daraja la juu linadai gari nzito zaidi. Na kwa kuwa kanuni ziliwataka watengenezaji wauze maelfu ya magari ya aina hiyo kwa watu wa kawaida, injini ya rali ikaishia mtaani. Subaru ya cc 2000 ndiyo aliyoshindia Colin McRae Safari Rally ya Kenya mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Na kama unadhani cc ndogo haziwezi kitu, kumbuka Safari ya 1993: Mkenya Patrick Njiru alimaliza mashindano yale na kushika nafasi ya 12 akiwa na Subaru Vivio, gari ya cc 658. Yaani injini ya saizi ya Kirikuu!

Sababu ya tatu ni mnunuzi wa Marekani. Yeye hapigwi kodi ya ngazi za cc kama Mjapani. Anataka gari iondoke pale anapogusa mafuta, asisubiri tabo iamke. Injini kubwa inavuta hewa nyingi hata ikizunguka taratibu, kwa hiyo msukumo unakuja mapema. Halafu kuna mafuta yenyewe. Petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani ina oktani karibu 100, kwa hiyo injini ndogo inaweza kubanwa sana na tabo bila mafuta kulipuka kabla ya wakati. Petroli ya juu ya Marekani ni 91 mpaka 93 kwa kipimo chao, sawa na kama 95 mpaka 98 kwa kipimo cha Japani. Kwa mafuta kama hayo ni salama zaidi kupata nguvu kwa kuongeza ukubwa wa injini kuliko kuongeza mgandamizo. STI ilipoingia Marekani kama gari la mwaka 2004, iliingia na 2457. STI ya gia za mkono ya Japani ikabaki na 1994 mpaka EJ20 ilipoagwa na toleo la mwisho la 2019.

Usidhani huu ni mchezo wa Wajapani peke yao. Italia iliwahi kutoza VAT ya asilimia 38 kwa gari lenye injini ya zaidi ya cc 2000, huku za chini yake zikitozwa kama nusu ya hapo. Ferrari wakajibu mwaka 1980 kwa kutoa 208: gari lilelile la 308, lakini silinda nane zake zimebanwa mpaka chini ya cc 2000. Lilikuwa zuri kwa macho na zito kwa kilima. Mwaka 1982 wakaliwekea tabo. BMW nao waliipunguza injini ya M3 kutoka cc 2302 mpaka 1990, wakaiita 320is na kuiuza Italia na Ureno.

Na sisi je? Kwa viwango tulivyovizoea Tanzania, ushuru wa bidhaa kwa gari dogo ni asilimia 0 mpaka cc 1000, asilimia 5 mpaka cc 2000, na asilimia 10 ukizidi hapo. Tuseme thamani ya gari mpaka bandarini ni milioni 10. Ongeza ushuru wa forodha asilimia 25, inakuwa milioni 12.5. Asilimia 5 ya hiyo ni 625,000, na asilimia 10 ni 1,250,000. Weka VAT ya asilimia 18 juu ya tofauti hiyo, unaona kwamba kuvuka cc 2000 kumekugharimu 737,500. Lakini angalia uchakavu: gari ya zaidi ya miaka 10 inaongezewa asilimia 30. Kwenye hesabu hiyohiyo, pamoja na VAT yake, ni 4,425,000. Kwa hiyo anayeagiza STI ya zamani anaumizwa na umri wa gari mara sita kuliko na cc. Wengi hapa mtaani wanabishana cc na kusahau mwaka.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo halimo kwenye kodi ya mtu yeyote: mwinuko. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ukitoka Igawa, ukapita Igurusi na kuanza kupanda kwenda Uyole, cc 2000 ya kawaida inakuwa kama imepunguzwa mpaka 1700. Yenye tabo inajisukumia hewa, kwa hiyo haiumii sana.

Basi kabla hujaagiza spea, usisome jina lililo kwenye buti. Fungua boneti, tafuta EJ20 au EJ25 kwenye mwili wa injini, kisha mpe muuzaji namba ya chesisi. Usikariri pia kwamba "ya Japani ni 2.0", maana Forester STI iliuzwa kulekule Japani na injini ya 2.5.

Binamu yangu aliagiza upya, safari hii za milimita 92, na gari inatembea. Zile za kwanza ziko kwenye rafu ya sebuleni, zinamsubiri mtu mwenye 2.5 apite Igawa.